Uzi: Injini ya kupanda tunayo, ya kushuka hatuna

Boksa wa Ngara

Wasee, vuteni viti. Huu uzi nimeuahirisha miezi kadhaa kwa sababu ya aibu. Lakini juzi kuna kijana kwenye kundi letu ametangaza kuuza pikipiki yake, ile inayomlisha, ili anunue turbo kubwa, ile pampu inayoisukumia injini hewa zaidi. Nikaona aibu yangu heri itoke, pengine itamfaa mtu.

Gari langu wengi wenu mnalijua kwa masikio kabla ya macho. Subaru Forester SG5, injini EJ20 ya turbo, gia otomatiki nne. Mwaka jana nililipeleka kwa bwana mmoja mwenye laptopu. Akaongeza presha ya turbo, akakata sailensa likabaki bomba tupu, akanifungia na ile vali ya kupiga chafya, inayotupa hewa ya turbo nje ukiachia mafuta. Nikitoka Ngara kwenda Pangani watoto wa shule wanaziba masikio wakicheka. Nikajiona nimefika.

Jumamosi moja tukaamua kwenda Naivasha kula samaki, magari manne, kwa barabara ya chini. Kupanda hadi Limuru hakuna aliyeniona ila taa za nyuma. Kisha tukaanza kuteremka kwenda Mai Mahiu. Wanaoijua wanaijua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili Bonde la Ufa lote limelala wazi chini yako, mbele malori yamepangana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Mimi ni kukanyaga, breki, kukanyaga, breki. Kona ya nne au ya tano pedali ikaanza kulainika. Iliyofuata ikazama, mguu ukaenda nayo kama umeingia kwenye uji. Nikashusha gia hadi ya pili, nikavuta breki ya mkono kidogokidogo, injini ikalia kama mbuzi wa Krismasi, nikaja kusimama karibu na lile kanisa dogo la Waitaliano, lililojengwa na wafungwa wa vita mwaka 1942. Magurudumu ya mbele yanafuka moshi. Harufu ni ya kwato inayochomwa.

Nimekaa kwenye jiwe, Fielder ya familia ikapita. Mama mbele, watoto wawili nyuma wanatafuna mahindi. Haina haraka wala moshi. Dereva mmoja wa lori alikuwa amesimama hapo anakunywa chai ya chupa. Akaja, akalizunguka gari langu taratibu, akasikiliza linavyonguruma, akasema: "Kijana, injini ya kupanda unayo. Ya kushuka huna." Akairudia chai yake.

Basi nauliza. Hizi hela zetu tunazipeleka wapi? Wenye magari, mafundi, wazee wa zamani, semeni.

Rongai Moja kwa Moja

Kwanza tujue. Samaki ulikula ama ulibaki kanisani kuungama?

Boksa wa Ngara

Samaki nililetewa, wa baridi. Endeleeni kucheka.

Fundi Kirinyaga

Pole sana, kijana wangu. Nipe nafasi nieleze kwa sababu kesi yako naiona kila mwezi hapa Kirinyaga Road.

Breki hufa kwa njia mbili na mguu ndio unaokuambia ni ipi. Pedi zikipata moto kupita kiasi, pedali inabaki ngumu kama jiwe lakini gari halisimami. Pedali ikizama, hayo ni mafuta ya breki yamechemka. Yako ilizama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kipimo chake cha chini ni nyuzi 155. Ukiteremka ile barabara huku umekanyaga pedali, 155 utazipata bila shida. Yakichemka ni mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga mvuke.

Sasa niulize wenye magari wote hapa: mara ya mwisho kubadilisha mafuta ya breki ilikuwa lini? Si kuongeza, kubadilisha. Mtu analeta gari la turbo, nafungua kifuniko, mafuta yana rangi ya chai ya kibanda. Namwambia chupa moja haifiki bei ya kujaza tangi. Ananiambia, "Fundi, hiyo wiki ijayo, kwanza nifungie hii eksozi."

Na jambo la pili, hilo la presha. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hesabu yetu mafundi ni kwamba kila mita 300 unazopanda, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu. Zidisha mwenyewe. Ndiyo maana mtu wa Mombasa akileta gari lake huku anadhani limeugua. Turbo huficha hilo, lakini haifanyi bure: hewa ni nyepesi, kwa hiyo lazima izunguke kasi zaidi kufikisha presha ileile iliyokuwa inaifikisha kule Japani. Yako ni turbo ndogo. Tayari ilikuwa inahema, huyo bwana akaongeza. Turbo ndogo ikizungushwa kupita uwezo wake haikupi tena hewa ya maana, inakupa joto. Umejifungia mashine ya kukausha nywele.

Tena hizo injini za turbo za Japani nyingi zimepangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, okteni karibu 100. Wewe unajaza nini? Hewa ya moto, mafuta ya chini, na ramani, yaani mpangilio wa kompyuta ya injini, iliyoandikwa kwa laptopu dakika arubaini. Siku utakaposikia injini inagonga kama mawe kwenye sufuria, usinipigie simu usiku.

Dereva wa Demio

Na ile vali ya chafya? Naipenda ule mlio, fundi, tafadhali usiseme ni mbaya.

Fundi Kirinyaga

Kwa Forester kama hiyo, kompyuta inapima hewa inapoingia mlangoni na kumwaga petroli kwa hesabu hiyo. Wewe ukiitupa hewa nje, petroli imeshamwagwa. Ni kupikia wageni kumi, watano wakaondoka kabla ya sahani kufika. Plagi zinakuwa nyeusi, mafuta yanaisha. Lakini gari halifi kwa hilo. Piga chafya yako.

Kijana wa Bypass

Nitakuwa yule mbaya wa huu uzi, sawa tu. Mnaongea kama kamati ya harambee. Gari kwa wengine wetu ni kama nganya ya Rongai, ile matatu iliyopambwa: hakuna anayeuliza ile michoro inasaidia nini kwenye kona. Inapendeza, basi. Mimi nimefanya eksozi, presha, ramani, taa. Sijaua mtu. Nikiteremka Mai Mahiu ninateremka kama binadamu. Huyu ndugu alikanyaga breki kona tano mfululizo, lawama ni ya mguu, turbo haina hatia.

Na kitu kingine, tukisema ukweli: magari yanayokuja sasa yamekufa. Sheria ya kuingiza magari nchini ni yasizidi miaka minane, kwa hiyo SG5 hailetwi tena, zilizopo ndizo hizo. Kila mwaka dirisha linasogea. Tunaletewa gia otomatiki za CVT, zisizo na hatua, zinazolia kama mashine ya kusaga unga, usukani wa umeme usiokuambia chochote, na haibridi zisizo na sauti kabisa. Acheni tupige kelele sasa hivi kabla hazijaisha.

Boksa wa Ngara

Hapo kwa mguu umenishika, sibishi. Lakini jiulize mguu wangu ulijifunzia wapi. Gari lilikuwa linanipa nguvu nikitaka, kwa hiyo nikazoea kurekebisha kila kosa kwa kuongeza moto. Nimeingia kona vibaya? Kanyaga, utatoka. Miaka mitatu nilikuwa najiona dereva, kumbe turbo ndiyo ilikuwa inanifutia makosa.

Dada wa GTI

Naomba niingilie hapo kwa mguu. Mimi nina Golf GTI ya kizazi cha saba. Ina kilowati 162 kutoka kiwandani, na ndiyo, nimeipangia ramani, na sijutii. Ila kabla ya hapo nilibadilisha mafuta ya gia boksi. Ni ile ya klachi mbili zinazoogelea kwenye mafuta, inataka kubadilishwa kila kilomita 60,000, na aliyeniuzia hakuwahi. Nikafuatia matairi. Hapo nataka niseme polepole.

Nilinunua gari likiwa na matairi manene, meusi, yanang'aa. Siku moja nalisubiri kwenye karwashi, nikachuchumaa nisome ubavuni. Kuna kijiduara cha umbo la yai chenye tarakimu nne mwishoni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalisema 3112. Wiki ya 31, mwaka 2012. Nikatia ukucha kwenye mpira, haukubonyea. Ilikuwa plastiki. Gari la nguvu zote hizo linashikwa na barabara kwa vipande vinne visivyozidi kiganja, na viganja vyangu vilikuwa vya plastiki. Nilipovaa mapya nilidhani wamenibadilishia gari.

Kuhusu mguu sasa. Sote hapa tulifunzwa udereva kwenye ubao, ule wenye mji mdogo na gari la kuchezea unalolisukuma kwa kidole: kushoto, kulia, rudi ulikoanzia. Baada ya hapo ni masomo machache kwenye gari lililochoka, mtihani, leseni. Kuna aliyewahi kufundishwa kukanyaga breki hadi mwisho? Mimi sikufundishwa. Mvua ya kwanza ya Machi, Thika Road, karibu na Roysambu, gari mbele likasimama ghafla. Nikakanyaga, ABS, ile inayozuia magurudumu kukwama, ikaanza kugonga chini ya mguu kama kuna seremala chini ya sakafu. Nikaogopa nikaachia. Nikaachia! Nilisimama kwa rehema za Mungu, nafasi ya kupita paka.

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye uwanja mtupu na chupa za maji tupu sita, nikazipanga. Kilomita 50 kwa saa, kanyaga yote, usiachie, zungusha usukani ukwepe chupa. Mara ya kwanza nilizikanyaga zote. Mara ya kumi hakuna niliyoigusa. Gharama: chupa sita na mafuta kidogo. Hiyo ndiyo maboresho bora niliyowahi kulifanyia hilo gari, na mume wangu alidhani nimepata wazimu.

Rongai Moja kwa Moja

Madereva wetu wa Rongai walifanya mazoezi hayo, ila chupa walituweka sisi.

Mzee wa Pasaka

Vijana, shikamooni nyinyi kwa kuwa leo mmenikumbusha mbali.

Enzi zetu Safari Rally ilikuwa ya Pasaka. Unalala kando ya barabara na blanketi na chupa ya chai. Mwaka 1993 Toyota walichukua nafasi nne za kwanza, magari makubwa ya turbo, sawa. Lakini nyuma kabisa ya vumbi hilo kulikuwa na Subaru Vivio. Mnaijua Vivio? Injini cc 660. Kigari cha kwendea sokoni. Subaru waliyaleta kwenye Safari, na moja akapewa Colin McRae, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Hakumaliza. Moja akapewa Patrick Njiru wetu. Akaifikisha mwisho, ya 12 kwa jumla, ya kwanza katika daraja lake.

Sisemi McRae hakujua kuendesha, hiyo itakuwa dhambi. Nasema ni kwamba Njiru alijua wapi pa kumhurumia mnyama. Ile Safari haikuwa ya mwenye kasi, ilikuwa ya mwenye kusikia gari linalolalamika kabla halijavunjika. Wewe wa Forester, gari lako lilikuambia kona mbili kabla pedali haijazama. Ulikuwa hulisikii kwa sababu ya hilo bomba.

Boksa wa Ngara

Mzee, marahaba. Hiyo ya mwisho imeniingia. Kweli kabisa, sikusikia kitu.

Kijana wa Bypass

Sawa mzee, heshima. Lakini tusifanye dini ya vigari vidogo. Watu hapa husifu madereva wa Probox za miraa kana kwamba ni malaika. "Angalia, cc 1500 tu, lakini anakuja kutoka Maua kama upepo." Tunaowasifu ni waliofika. Wasiofika hawana uzi.

Fundi Kirinyaga

Hapo nakuunga mkono. Nimewahi kuvuta Probox kutoka mtaroni. Ile si ustadi, ile ni bei ya miraa inayoshuka kila saa.

Kimya Kimya

Nimesoma yote kimya kama jina langu. Ninaendesha Nissan Note ya e-Power, na kabla hamjacheka, sikilizeni.

Kwenye gari hili injini ya petroli haiungani na magurudumu. Kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Anayesukuma ni mota, kilowati 80, nyutoni-mita 254, na nguvu hiyo ya kuzungusha iko tayari tangu gari limesimama. Taa ikiwa kijani pale Museum Hill, mita thelathini za kwanza, kijana wa Bypass, wewe na bomba lako mnaona kibandiko changu cha nyuma. Baada ya hapo nenda tu, sina neno.

Fundi ameeleza vizuri hewa ya Nairobi. Mota haipumui. Mwinuko haujui. Magari ya umeme yenyewe, kama Nissan Leaf, Limuru na Mombasa kwake ni kitu kimoja. Na kushuka Mai Mahiu ndiko kunakonifurahisha zaidi: ukiondoa mguu kwenye mafuta, mota inageuka kuwa jenereta, inalivuta gari nyuma na kurudisha umeme kwenye betri. Breki zenyewe naziguza mara chache. Yule dereva wa lori angesema mimi injini ya kushuka ninayo.

Fundi Kirinyaga

Ila umweleze pia kwamba betri ikijaa hapo katikati ya mteremko, hakuna pa kupeleka huo umeme. Gari lenu hapo linaizungusha ile injini ya petroli bure ili kuumaliza, utasikia inanguruma ghafla. Wengi wamenijia na hofu, "Fundi, gari limeshikwa na nini?" Halijashikwa na kitu.

Kimya Kimya

Hahaha, kweli. Mara ya kwanza nilidhani limeibiwa nikiwa ndani.

Dereva wa Demio

Fundi, lakini nyinyi mtakula nini magari yote yakiwa hivi? Mabasi ya umeme ya BasiGo yapo barabarani tangu 2022. Pikipiki za umeme ndizo hizo kila kona.

Fundi Kirinyaga

Swali zuri, na usiku mwingine linaninyima usingizi. Plagi zitaisha. Gasketi ya kichwa, ambayo imenisomeshea watoto wawili (asanteni sana Subaru), itaisha. Lakini gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri, na uzito unakula bushi, shoku na matairi, na mashimo yetu hayajasikia habari za umeme. Kijana wangu wa karakana sasa anajua kusoma betri ya Leaf. Kwenye dashibodi kuna vijistari kumi na viwili vya afya ya betri, mteja anataka kununua, sisi tunamhesabia vilivyobaki, na kuchunguza kama muuzaji hajaviongopea. Zamani nilipima kompresheni ya silinda. Ni kazi ileile, mikono tu ndiyo haichafuki. Hilo la mikono ndilo linanisumbua kidogo.

Ile mabasi nimepanda. Kimya kabisa. Kondakta bado anapiga ubavu wa basi kama kawaida, ila sasa ndiye injini.

Dada wa GTI

Na mjue hata kiwandani wanajua tunanunua kwa masikio. Golf yangu ina kidude kimefungwa chini ya kioo cha mbele, kazi yake ni kutetema tu ili mlio wa injini usikike mzito ndani ya gari. Nilipojua nikakichomoa plagi. Siku mbili niliendesha nikihisi nimedanganywa. Siku ya tatu nikakirudisha.

Kijana wa Bypass

ULIKIRUDISHA? 😂 Dada, karibu kwetu.

Dada wa GTI

Ni mimi na Mungu wangu.

Mzee wa Pasaka

Mnajua hata huo mlio wa Subaru mnaoupenda si nguvu? Mabomba ya kutoa moshi upande huu na ule hayalingani urefu, moshi unafika kwa zamu zisizo sawa, ndiyo ile dug-dug-dug. Walipoyasawazisha injini ikapumua vizuri zaidi na mlio ukapotea. Kuna watu wananunua mabomba yasiyolingana kuurudisha. Nami nikiusikia usiku naamka nisimame dirishani. Sasa nimcheke nani.

Dereva wa Demio

Basi kijana anayeuza pikipiki tumwambie nini?

Fundi Kirinyaga

Asiuze. Aje na gari Jumatatu tulinyanyue tuone chini. Mafuta ya breki, pedi za kweli, bushi, matairi yenye tarehe ya karibu. Kisha kama bado ana kiu, aende kule Whistling Morans, Athi River, siku ya autokrosi, akapime mguu wake mahali ambapo ukikosea unagonga koni wala si mama wa watu. Turbo nitamfungia mwenyewe baada ya hapo. Sikatai biashara.

Kijana wa Bypass

Autokrosi nitakuja. Na bomba langu.

Boksa wa Ngara

Wasee, narudi na ripoti, wiki tatu baadaye. Nilimpelekea fundi. Mafuta ya breki yalitoka meusi, akayatia kwenye chupa ya soda akanikabidhi nikayaweke sebuleni kama kombe. Pedi mpya, matairi mapya (yaliyotolewa yalikuwa ya 2014, dada, nilichuchumaa). Sailensa imerudi. Jumapili nikaenda peke yangu, nikapanda Limuru, nikaanza kushuka. Gia ya tatu, kisha ya pili, breki naigusa kabla ya kona, naachia, napita. Vioo wazi. Nilisikia matairi, nikasikia bushi moja ya nyuma kulia inagonga ambayo sikuwahi kujua ipo, nikasikia hata wauza mahindi wakiniita. Nikasimama kanisani nikaweka mkono karibu na rimu. Vuguvugu tu. Yule wa lori hakuwepo, nikanunua mahindi mawili.

Rongai Moja kwa Moja

Amina. Na presha ya turbo umeirudisha chini?

Boksa wa Ngara

Tuulizane mambo mengine.